Impression kwa Herufi Nyekundu

Kwa mwaka mzima na zaidi niliamini, kwa moyo wangu wote na kwa maini pia, kwamba ule mtindo mkubwa wa uchoraji wa Wafaransa ulianzishwa na watu wa fotokopi.

Niliamini hivi. Zamani, jijini Paris, vijana fulani walifungua duka la kuchapisha karatasi, la kwanza duniani. Mashine yao ilikuwa kubwa kama kichwa cha treni. Siku moja wino ukaanza kuisha, picha zikatoka na ukungu, mistari imepotea, rangi zimemwagikiana. Badala ya kuzitupa, wale wajanja wakazitundika ukutani na kuwaambia matajiri kwamba huo ni mtindo mpya. Matajiri wa Paris, kama matajiri wa kila mahali, wakaogopa kuonekana hawaelewi, wakanunua zote. Ndiyo maana, niliambiwa, wachoraji wale wanaitwa impressionnistes: ni kwa ajili ya impression, yaani kuchapisha, neno lile lile lililoandikwa juu ya mlango wetu wa kazi.

Na sikuiweka habari hii moyoni. Niliihubiri. Katika matanga moja kule Kasungami niliisimulia vizuri hata ndugu wa marehemu wakasahau zamu yao ya kulia, na mzee mmoja akanishika mkono akasema, "Kusoma kuko bulongo, mutoto wangu," yaani ni jambo zuri.

Kazi yangu ya mchana ni mashine. Niko katika mojawapo ya zile sekretaria ambazo Lubumbashi imejaa, kila kona moja, na kwenye kona ya chuo kikuu tatu: chumba kimoja, mashine mbili za kunakili, kompyuta tatu, na moja kati yake ni ya mapambo. Karatasi nilizopitisha pale, kama zingetandazwa, zingefunika barabara kutoka mtaa wa Bel-Air hadi Pweto, kule ziwani, na malori yangepita juu ya tasnifu za watu. Ukutani nje kumeandikwa kwa Kifaransa kazi tunazofanya, kuanzia kupiga chapa hadi kufunga vitabu: SAISIE, IMPRESSION, PHOTOCOPIE, RELIURE. Mtoto wa mji huu analisoma neno impression ukutani kabla hajamaliza kujifunza Baba Yetu, na kwake maana ni moja tu: karatasi inatoka upande wa pili.

Maneno hayo yaliandikwa na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye ni mchoraji wa vibao na aliwahi kukaa miaka miwili kwenye shule ya sanaa. Alikuwa amefika kwenye S ya pili ya IMPRESSION, brashi nyingine ameiuma mdomoni, nilipomuuliza kwa nini neno hilo peke yake analitia rangi nyekundu.

"Shemeji," alisema, "weye unafanya kazi ya impression kila siku, na haujue kama njo ilizaa ba-impressionnistes?" Njo yetu ni ndiyo yenu.

Akanipa hadithi yote, ya kichwa cha treni, ya wino, ya matajiri. Hakucheka, hakugeuka, aliendelea tu kunyoosha mkia wa ile S.

Sasa, kwetu shemeji ana ruhusa ya kukutania hata mbele ya jeneza, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Hilo nililijua tangu siku ya mahari. Lililonipita ni kwamba mtu akikutania huku ameuma brashi, huwezi kuuona mdomo wake.

Wakati huo nilikuwa nimerudi darasani. Umri wangu siusemi. Niseme tu kwamba baadhi ya walimu wangu nilikuwa nimewafungia tasnifu zao kwa mikono yangu mwenyewe. Ilikuwa shule ya jioni, darasa la sita la sekondari, mwaka ule unaomalizika kwa mtihani wa serikali. Mara mbili nilishaanguka. Prefe, yaani mkuu wetu wa shule, aliniita ofisini mwanzoni mwa mwaka akaniambia wazi kwamba shule haimpeleki mtu mara ya nne, kwa hiyo hii ya tatu ndiyo ya mwisho, na hata hiyo sitapelekwa kama kuna somo lolote nitakalokuwa nimeanguka.

Nilikuwa nimepita kila somo isipokuwa moja: esthétique, somo la sanaa na uzuri. Humo nilipata alama saba juu ya ishirini. Mwalimu wake, ambaye sote tulimwita Madame, alikuwa mwanamke mfupi, mwembamba, asiyepandisha sauti kwa sababu hakuwahi kuhitaji. Alinipa nafasi moja ya kujiokoa, kama alivyowapa wengine waliokuwa pembezoni: kusimama mbele ya darasa na kueleza mada moja. Nikipata kumi na mbili, jina langu linaingia kwenye orodha. Nikikosa, nirudi kwenye mashine yangu na nisiwasumbue tena watu.

Lakini haikuwa mashine niliyoiogopa. Niliogopa msumari.

Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa reli. Alishuka kutoka kaskazini akiwa kijana, akajenga nyumba Bel-Air, akazaa wanane. Siku moja, kabla hata kitindamimba wetu hajaanza shule, alichukua nyundo akapigilia misumari minane sebuleni, chini ya msalaba, mstari ulionyooka kama reli yenyewe. Kila mtoto na msumari wake, na kila msumari ungoje diploma. Wakati huo saba ilikuwa imeshapata fremu. Mimi ni wa tatu kuzaliwa, kwa hiyo pengo langu halikuwa pembeni ambako mtu angeweza kulisahau. Lilikuwa pale ndani kabisa ya mstari, kama jino lililong'oka. Parokia ilipompa mama kalenda nzuri yenye picha ya Bikira, aliitundika jikoni kwenye moshi. Nilimwambia, mama, si kuna msumari sebuleni uko bure?

"Ule musumari iko na mwenyewe," alisema.

Na mwaka ule macho ya mama yalianza kufunga. Utando ulikuwa unashuka polepole, jicho la kushoto likitangulia. Jumapili baada ya misa, nikisimama mlangoni, aliinua kichwa, akakaza macho kuelekea kwangu, halafu akasema, "Niko na impression kama ni weye," yaani anahisi kwamba ni mimi. Kila Jumapili alikawia kidogo zaidi kabla ya kusema hivyo. Hakuniuliza habari za shule hata mara moja. Ila akipita sebuleni kwenda chumbani alishika ukuta, na vidole vyake vikawa vinahesabu: fremu, fremu, msumari, fremu. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti nikijifanya ninapuliza chai. Chai yenyewe ilikuwa imepoa tangu enzi za Wabelgiji.

Basi siku ya kuchagua mada Madame alileta sanduku tupu la chaki lenye vikaratasi. Nikaingiza mkono, nikafungua changu, na kilichoandikwa kwa mwandiko wake mdogo kilikuwa: chanzo cha impressionnisme katika uchoraji wa Ufaransa.

Nilicheka peke yangu. Madame akaniangalia juu ya miwani.

"Kuko kintu, Papa?" Papa ni baba; hivyo ndivyo kwetu anavyoitwa mwanamume wa umri wangu.

"Hapana, Madame. Ni furaha tu."

Mungu, nilijiambia, amekumbuka ule msumari.

Mtu anayejua haulizi. Nilitafuta kidogo kwenye simu, kwa ajili ya heshima tu: nikaandika "impression" na "Paris", na kweli ikaniletea maduka ya kuchapisha ya Paris, moja baada ya lingine, na bei zao. Ushahidi gani zaidi? Nikamwomba shemeji anitumie picha moja ya wale watu. Alinitumia ile ya bandari asubuhi, maji ya kijivu, mashua mbili tatu, jua la rangi ya chungwa, na jina la picha lenyewe lilianza na neno lile: Impression. Nilimjibu kwa simu kwamba sasa nimekamilika. Hakuuliza kwa kazi gani. Nami sikumwambia, maana nilitaka aisikie baadaye, kama habari ya ushindi.

Jumatano prefe alipita darasani na kutangaza kwamba Ijumaa, siku yetu ya kueleza, inspekta wa elimu angekuja kukaa nyuma na kusikiliza. Shule za jioni, alisema, zinasemwa vibaya huko juu. Wanasema tunawapeleka watu wazima ambao hawajui kitu. Kwa hiyo kila mtu ajue kwamba Ijumaa habebi jina lake tu, amebeba paa la shule. Orodha itatoka Jumatatu asubuhi. Aliposema "watu wazima ambao hawajui kitu" hakuniangalia, na nilihisi kabisa alivyojizuia kuniangalia.

Ijumaa umeme ulikatika tangu asubuhi. Wanafunzi wa chuo walisimama mlangoni kwetu kama maandamano, nami nilisimama ndani na simu yangu yenye ile picha, maana Madame alitaka kila mtu alete picha kwenye karatasi ili darasa zima lione. Umeme ulirudi mchana. Nilisukuma wenye tasnifu pembeni kwa maneno matamu na kiwiko kimoja, nikatuma picha kwenye mashine ya rangi. Mashine ilikohoa. Taa ya wino ilikuwa inawaka nyekundu. Karatasi ikatoka polepole kama mgonjwa anayetoka hospitali, na mara ilipodondoka, umeme ukakatika tena. Nilikuwa na hiyo moja, basi.

Nikaitazama. Bluu na kijivu vimeingiliana, mashua ni kama alama za koma, na doa moja la chungwa. Moyo ukanishuka. Kisha nikailinganisha na ile ya kwenye simu. Zilikuwa sawasawa. Hapo imani yangu ikawa mlima: unaona, wino ukiisha, picha inatoka hivi hivi. Nikaiweka ndani ya shati, kwenye tumbo, nikaondoka kwenda shule nimejishika kama mtu mwenye kidonda.

Inspekta alikuwa ameshakaa. Mtu mnene wa suti, ametandika leso kwenye dawati kabla ya kuweka viwiko. Bado kulikuwa na mwanga wa jioni dirishani, mwanga wa kiangazi wenye vumbi ndani yake. Karibu yangu alikaa mwenzangu wa miaka yote mitatu, mama mmoja anayeuza samaki wakavu wa Pweto sokoni na ambaye harufu ya bidhaa yake ilitangulia daima kuingia darasani. Yeye alikuwa ameshapita masomo yote, hakuwa na cha kuogopa, kwa hiyo aliogopa kwa niaba yetu.

"Mi niko na impression kama ule inspekta hakukula," aliniambia kwa sauti ya chini.

Wa kwanza kuitwa alikuwa askari wa barabarani, mtu aliyezoea kusimamisha malori. Mada yake ilikuwa piramidi za Misri. Alisema vizuri kwa dakika mbili, mpaka inspekta alipouliza ziko upande gani wa mto. Askari akanyoosha mkono kulia, akaurudisha, akanyoosha kushoto. Madame akasema neno moja tu: "Ikala." Akakaa. Wa pili alianza kwa machozi na akamaliza nayo. Inspekta aliandika kitu kwa kila mmoja, na kalamu yake tuliisikia wote.

Kisha likaja jina langu. Nilipokuwa ninapita kati ya madawati, simu ilianza kutetemeka mfukoni, kwenye paja. Simu zilikatazwa. Niliiacha itetemeke.

Nilianza kwa Kifaransa changu cha Jumapili, kile ninachokivaa mara moja kwa mwaka. Nilisalimu inspekta, prefe ambaye hakuwapo, Madame, na wenzangu. Nikatangaza mada. Nikasema kwamba impressionnisme ilizaliwa Paris, katika sekretaria.

Darasa likatikisa kichwa. Wote. Yule mama wa samaki alitikisa zaidi ya wote, na askari aliyeanguka akafungua daftari aandike. Niliona vichwa vile, nikapata nguvu. Nikaeleza mashine, ukubwa wake. Nikaongeza, kwa kuwa nilikuwa nimewaka, kwamba ilihitaji watu sita kuisukuma. Nikaeleza wino.

Ndipo nikaona kalamu ya Madame. Ilikuwa imesimama hewani.

Katika miaka yangu ya mashine nimejifunza kusikia kabla haijakwama: kuna mlio mdogo, karatasi bado inatembea, lakini wewe unajua. Niliusikia mlio ule. Simu ikatetemeka tena pajani, mara ya pili, ikakata, ikaanza mara ya tatu.

"Katika sekretaria," alisema inspekta kutoka nyuma.

"Ndiyo, Bwana Inspekta."

"Hebu rudia."

Nikarudia. Nilirudia kwa sauti ndogo zaidi, na nikaitoa ile ya watu sita. Inspekta aliinamisha kichwa, akaandika, na safari hii aliandika kwa muda mrefu, mstari, mstari mwingine, akageuza ukurasa. Jasho lilinitoka hata nadhani lingetosha kunywesha shamba moja la Kasungami. Nilimtazama Madame nikingoja lile neno lake. Mdomo wake ulifunguka. Ukafungika. Kwetu mtu mwenye watoto hasahihishwi mbele ya hadhara kama mtoto, na Madame, pamoja na ukali wake wote, alikuwa amelelewa.

"Papa," alisema kwa Kiswahili, ingawa masomo yote ni kwa Kifaransa, "weka ile karatasi ya maneno chini. Tuonyeshe picha. Unaona nini?"

Nikaitoa picha tumboni. Ilikuwa na joto langu na kona moja imelowa. Nikaiinua. Nikaishika juu kwa mikono miwili, darasa zima lione maji, mashua na jua.

Nilitaka kusema kwamba wino umeisha. Ndilo jibu nililokuwa nalo. Lakini ulimi ulikuwa mkavu, na wakati ninautafutia mate nikawa ninaitazama tu ile karatasi, na nadhani ilikuwa mara yangu ya kwanza kuitazama. Nikasema kuna maji. Kuna mashua, mtu amesimama ndani yake, huoni uso. Nyuma kuna mashine za bandari na moshi, au ni ukungu, huwezi kuvitenganisha. Nikasema jua hili ninalijua. Ni lile letu la kiangazi, asubuhi, wakati moshi wa makaa na vumbi vimekaa juu ya mji na jua linatoka jekundu, unaweza kulitazama machoni bila kuumia. Saa ile bomba kubwa la moshi la kiwanda huwezi kuhesabu matofali yake, hata kuta zake huzioni vizuri. Lakini hakuna mtu wa Lubumbashi atakayeuliza kile ni nini.

"Ni Pweto," alisema mama wa samaki.

Madame akamgeukia.

"Madame, unisamehe. Ni Pweto, asubuhi, moto ya samaki bado kuwaka. Mashua inatoka vile vile."

Inspekta alisema, bila kucheka, kwamba hiyo ni bandari ya Le Havre, kule kwa Wafaransa.

"Basi nabo beko na Pweto yabo," alisema mama.

Darasa likacheka, mimi nikacheka pia, kicheko cha mtu aliyeshikwa shingo. Inspekta alisubiri tunyamaze. Akavua miwani, akaifuta kwa ile leso, na akaniuliza swali ambalo nililisikia hadi kwenye nyayo.

"Papa. Hii picha imekwisha, ao haikukwisha?"

Nilijua kwamba hapo ndipo penyewe. Nikisema haijaisha, kwa sababu wino ulikosekana, basi nimekaa upande wa hadithi yangu, na hadithi yangu ilikuwa inanuka, sikujua wapi lakini ilikuwa inanuka. Nikisema imekwisha, nitaulizwa kwa nini. Niliitazama ile picha. Sikufikiri juu ya Ufaransa hata kidogo. Nilimwona mama sebuleni amekaza macho kuelekea mlangoni.

Nikasema, na Kifaransa changu kikaishia njiani, nikamalizia kwa Kiswahili cha nyumbani:

"Bwana Inspekta, mama yangu macho yake inafunga. Nikiingia mu nyumba, haone kifungo ya shati, haone ndevu. Anasema, niko na impression kama ni weye. Na hajakosea hata siku moja. Sijue kama huyu muntu alikosa wino. Lakini kuko mayi, kuko jua, na saa inajulikana ni saa gani. Mi ninasema imekwisha."

Hakuna aliyecheka. Inspekta aliandika kitu kifupi. Madame alisema, "Ikala, Papa," neno lile lile alilomwambia askari, kwa sauti ile ile, na mimi nikakaa.

Baada ya wote kueleza tulitolewa nje ili wao wazungumze. Nilikaa kwenye benchi kando ya ukuta na kutoa simu. Shemeji alikuwa amepiga mara tatu, kisha akaandika: "Shemeji, dada yangu ananiambia leo unaeleza ba-impressionnistes mbele ya Madame. Ile ya mashine ilikuwa utani. Usiiseme. Pokea simu."

Niliisoma mara nyingi. Nilikumbuka matanga ya Kasungami, yule mzee aliyenishika mkono. Nilikumbuka ule ukurasa ambao inspekta aligeuza. Mama wa samaki aliketi karibu yangu, akaisoma simu juu ya bega langu bila kuomba ruhusa, akasema, "Shemeji yako iko na dhambi." Kisha akaanza kutetemeka mabega, na nilijua hatetemeki kwa huzuni.

Mimi sikuweza kucheka, mimi ambaye nimewahi kucheka hata kwenye kiti cha daktari wa meno. Nilikuwa nimeshaamua. Jumapili nitakwenda Bel-Air na koleo mfukoni. Mama akienda chumbani nitaung'oa ule msumari mwenyewe, nizibe tundu kwa sabuni, na vidole vyake vikipita vitakuta ukuta laini, havitahesabu tena. Nilifikiri hata rangi ya sabuni.

Inspekta akatoka. Alipita mbele yetu na leso yake, akasimama, akaniuliza ninafanya kazi gani mchana. Nikamwambia. Alinitazama kidogo, akasema, "Njo maana," akaenda kwenye gari lake.

Nikaitwa ndani. Madame alikuwa peke yake, anafuta ubao.

Alisema, bado amenipa mgongo, kwamba historia ilikuwa na alama nane, na amenipa sifuri, na kama kungekuwa na namba chini ya sifuri angeitafuta. Nilishika dawati. Akaendelea kufuta. Akasema kuangalia picha kulikuwa na alama kumi na mbili. Akaweka chini kifutio, akageuka.

"Uko ku liste," alisema. "Inspekta njo alisema wa kwanza, upate yote kumi na mbili. Mi nilikuwa ninataka kukupa kumi na moja."

Mtihani wenyewe nilipita, na sitasema kwa asilimia ngapi, maana nimezoea kuiongeza kila ninapoisimulia. Diploma ilipotoka niliitia fremu na kuipeleka Bel-Air, na mama hakutaka niitundike mimi. Alishika ukuta, fremu, fremu, akaupata msumari kwa kidole, akainua mwenyewe. Ilikaa upande. Iko upande hadi leo, na hakuna anayeruhusiwa kuinyoosha.

Lakini jioni ile, mbele ya ubao uliofutwa, nilikuwa bado sijajua kitu kimoja, na sikuweza kutoka bila kukijua. Nikamwuliza Madame: kama hakukuwa mashine, kulikuwa na nini?

Akavuta kiti. Aliniambia taratibu, kama mtu anayemvua mwenzake mwiba. Kulikuwa na vijana wachoraji, na kulikuwa na maonyesho makubwa ya serikali kila mwaka, na wazee waliochagua picha za kuingia. Vijana wale walikataliwa mara nyingi: picha zenu hazijamalizika, waliambiwa, rangi zenu ni za ajabu, na mnachora watu wa kawaida wakipumzika, jambo gani hilo. Rangi ilikuwa imeanza kuuzwa ndani ya tyubu, inabebeka, kwa hiyo walipanda treni, wakashuka nje ya mji, wakachora palepale kwenye mwanga, haraka, kabla mwanga haujabadilika. Aliposema treni nilimwona baba yangu na nyundo. Walipochoka kukataliwa walifanya maonyesho yao wenyewe, katika jengo alimokuwa akifanyia kazi mpiga picha mmoja. Humo ndimo ilimotundikwa ile bandari. Mwandishi wa gazeti akaja, akaona jina la picha, akacheka, akawapachika wote jina hilo kama tusi. Nao, baadaye, wakalichukua tusi wakalivaa.

"Basi hakuna hata fotokopi moja," nilisema.

"Hata moja."

"Na impression?"

Madame alichukua ile karatasi yangu iliyolowa kona, akanirudishia.

"Aiko impression ya mashine, Papa. Ni ile mama yako anasemaka pa mulango."